Uzi: Nasomea jinsia na maadili ya michezo, na chanzo chake ni ndoo ya plastiki

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila nikikutana na ndugu, iwe msibani iwe harusini, swali ni lile lile: "Hivi mwanangu unasomea nini hasa?" Nikisema michezo, wanadhani nafundisha netiboli. Nikisema jinsia, wanaulizia lini nitapewa gari la mradi. Nikisema maadili, mjomba wangu mmoja aliuliza kama nitakuwa napima urefu wa sketi za wachezaji. Nimeamua kuandika mara moja ili siku nyingine nitume linki tu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nilikuwa kidato cha tatu, UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, mita 800. Uwanja wa vumbi, mistari imechorwa kwa majivu kwa sababu chokaa iliisha siku ya kwanza. Shuleni kwetu hakuna aliyekuwa ananigusa. Kona ya mwisho nikasikia mtu anahema nyuma yangu, halafu sikumsikia tena, maana alishapita. Binti mrefu, kifua bapa, kaptula ya kuazima kaikaza kiunoni kwa kamba ya kiatu. Aliniacha hatua kama kumi na tano.

Mwalimu wetu wa michezo akaenda meza ya waamuzi. Sikusikia alichosema. Nilichoona ni matroni mmoja kamshika yule binti mkono, wakaingia stoo ya vifaa, ile yenye nyavu na mipira iliyotoboka. Mlango ukafungwa. Tulikaa nje pale kama dakika kumi, watoto wa shule tatu, tunacheka. Na mimi nilicheka. Alipotoka alikuwa amejifunga kanga ya matroni juu ya kaptula. Akaenda moja kwa moja kwenye lori lao, akapanda, akakaa ameipa mgongo hadhara.

Jioni jina langu likaitwa la kwanza. Zawadi: ndoo ya plastiki ya bluu, lita 20, na miche miwili ya sabuni. Mama aliisifia ile ndoo mwezi mzima.

Miaka ilipita. Nikaenda chuo kusomea ualimu, elimu ya viungo. Mwaka wa tatu mhadhiri akatupa makala tusome, imeandikwa na Mhispania anaitwa María José Martínez-Patiño. Huyu mama alikuwa mkimbiaji wa kuruka viunzi. Mwaka 1985 akiwa Kobe, Japani, kwenye michezo ya vyuo vikuu, kipimo cha kromosomu kikasema ana XY, alama ambayo kwa kawaida ni ya mwanaume. Mwili wake hauitikii testosteroni, ile homoni ya kiume, kabisa, yaani hata ingejaa debe isingemsaidia kitu, lakini kipimo hakikujua hilo. Akaambiwa ajifanye kaumia. Alipokataa kujificha, habari zake zikavuja, akapoteza nafasi timu ya taifa, ufadhili, na mchumba. Alipigana hadi akarudishiwa haki ya kukimbia mwaka 1988. Baadaye akawa msomi wa mambo hayo hayo, akayaandika kwenye jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2005.

Niliisoma kwenye kitanda cha juu bwenini, usiku, kwa tochi ya simu. Nilipofika pale alipoambiwa ajifanye mgonjwa nikaiona ile kanga ya matroni. Ndiyo siku niliyoingia kwenye fani hii, ingawa barua ya udahili ilikuja miaka miwili baadaye.

Sasa tuweke maneno sawa, maana hapa ndipo nyuzi nyingi zinapoharibika. Kwa lugha ya darasani, jinsi ni maumbile. Jinsia ni yale ambayo jamii imeyapachika juu ya maumbile: nani achote maji, nani apande mnazi, nani apewe uwanja saa kumi jioni na nani asubiri hadi wengine wamalize. Mtaani tunayachanganya yote mawili na maisha yanaenda. Ila michezo ndiyo sehemu moja ambapo mstari kati ya hayo mawili unachorwa kwa wino, kwa nanomoli (kipimo cha homoni kwenye damu) na kwa mahakama. Ndiyo maana inanivutia.

Na mita 800 ina mkosi wake. Wanawake waliikimbia Olimpiki ya Amsterdam 1928, magazeti yakatia chumvi kwamba wanaanguka na kuzimia hovyo, mbio ikaondolewa kwa wanawake hadi Roma 1960. Miaka 32! Kisha ikaja Berlin 2009. Caster Semenya wa Afrika Kusini, miaka 18, kashinda kwa 1:55.45, wa pili Janeth Jepkosgei wa Kenya yuko mbali nyuma. Saa chache kabla ya fainali dunia nzima ilishatangaziwa kwamba binti anachunguzwa jinsi. Stoo ya vifaa ileile, ila hii ina kamera.

Mwaka 2018 shirikisho la riadha la dunia likaweka kanuni: mwanamke mwenye utofauti wa ukuaji wa jinsi, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyofuata mgawanyo wa kawaida wa kike na kiume, na mwenye testosteroni ya nanomoli 5 kwa lita au zaidi haruhusiwi mbio za kimataifa kuanzia mita 400 hadi maili moja, mpaka aishushe kwa dawa. Semenya akaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS. Hukumu ilitoka tarehe 1 Mei 2019, majaji wawili kwa mmoja. Walikiri wazi kwamba kanuni ni ya kibaguzi, kisha wakasema ubaguzi huo ni wa lazima na unafaa ili kulinda kitengo cha wanawake. Nimeisoma mara nyingi na kila mara nasimama hapo hapo. Akaenda mahakama ya shirikisho la Uswisi, akashindwa. Akaenda Strasbourg, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Tarehe 10 Julai 2025 baraza kuu likasema Uswisi haikumpa usikilizwaji wa haki. Kanuni yenyewe halikuifuta.

Jukwaa la Rio 2016 mnalikumbuka? Semenya dhahabu, Francine Niyonsaba wa Burundi fedha, Margaret Wambui wa Kenya shaba. Wote watatu walikuja kuguswa na kanuni. Niyonsaba akahamia mbio ndefu, akawa wa tano mita 10,000 Olimpiki ya Tokyo, na Septemba 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kule Zagreb, 5:21.56. Tukasema haya, kapata njia. Machi 2023 wakafunga na hiyo: testosteroni iwe chini ya nanomoli 2.5 kwa miezi 24, mbio zote na michezo yote ya riadha.

Naishia hapa kwanza, nikanywe chai. Maswali karibuni.

Kiatu Chakavu

Nimeweka kambi. Hiyo ndoo lakini ni chai ya maziwa, yaani umetunga.

Mleta uzi

Mkuu, ndoo ipo, ingawa mdomo umepasuka. Mama anafugia kambare wadogo.

Baba wa Mkimbiaji

Dada, shikamoo ya uandishi. Lakini mimi nina binti wa miaka 15 anakimbia. Naamka naye saa kumi na moja alfajiri. Akutane na mtu mwenye homoni za kiume, ashindwe, halafu msomi aje aniambie "jamii imepachika"? Niambie mimi mzazi, haki ya mwanangu iko wapi?

Mleta uzi

Marahaba kaka, na hongera kwa kuamka. Swali lako ndilo swali lenyewe, na mwenzangu yeyote wa fani hii anayelicheka anakosea.

Kitengo cha wanawake kipo kwa sababu. Pengo kati ya wanaume na wanawake bora kwenye mbio ni asilimia 10 hadi 12 hivi. Mita 800, rekodi ya dunia ya wanaume ni 1:40.91, ya Rudisha wa Kenya; ya wanawake 1:53.28, ya Kratochvílová wa Chekoslovakia, haijaguswa tangu 1983. Bila kitengo, binti yako ataachwa mbali hadi asione mtu mgongo. Hilo silipingi. Semenya mwenyewe, kaka, siku yake bora kabisa ni 1:54.25. Hakuifikia rekodi hiyo. Kwa hiyo ana faida? Huenda. Ni faida ya mwanaume? Namba hazisemi hivyo.

Tuje kwenye ushahidi, maana kazi yangu nusu ni kusoma majedwali. Mwaka 2017 watu wa upande wa shirikisho lenyewe, Bermon na Garnier, walitoa utafiti uliotumia mashindano ya dunia ya 2011 na 2013. Walikuta wanawake wenye testosteroni ya juu wanafanya vizuri zaidi kwenye michezo mitano: mita 400, mita 400 viunzi, mita 800, kurusha nyundo, na kuruka kwa upondo. Sasa tazama kanuni ya 2018 iligusa nini. Nyundo haimo. Upondo haumo. Ila mita 1,500 na maili, ambako utafiti haukuonyesha kitu, zimo! Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza akiniletea hoja ya namna hiyo namrudishia karatasi. Wachambuzi wa nje walipoomba data wakakuta nyakati zilizojirudia na nyingine ambazo hazina mwenyewe. Mwaka 2021 waandishi wakachapisha masahihisho wakikubali kwamba kazi yao haithibitishi kuwa testosteroni ndiyo chanzo. Semenya alishaikosa Tokyo.

Kwa hiyo mimi nimesimama wapi? Nikwambie ukweli, maana jukwaani watu hujifanya wana jibu la kila kitu. Kwenye swali la mstari uchorwe wapi, mlango wangu uko nusu wazi. Nimebadili mawazo mara mbili na naweza kubadili ya tatu. Kwenye namna mabinti hawa wanavyotendewa, nimefunga na komeo.

Kuna makala ya kitabibu ya mwaka 2013, madaktari wa Ufaransa wanaeleza wanariadha wanne, miaka 18 hadi 21, wametoka vijijini, nchi zinazoendelea, hawatajwi. Walikuwa na tezi za ndani zinazotoa testosteroni, na madaktari wanaandika kwa mkono wao kwamba tezi zile hazikuwa na hatari kiafya. Kisha wanasema waliwaeleza mabinti kuwa zikikatwa, kasi itapungua lakini wataruhusiwa kuendelea kukimbia na wanawake. Wakakubali. Wakakatwa, na sehemu ya kinembe ikapunguzwa pia. Niambie kaka, kupunguza kinembe kunasaidia nini kwenye mita 800?

Wameandika kwamba waliridhia. Binti wa miaka 18, kwao wanamtegemea yeye kwa bati na ada za wadogo zake, yuko nchi ya ugenini, kocha kasema, daktari kasema, shirikisho limesema. Mwenye nguvu mpishe. Sura nzima ya tasnifu yangu ni neno hilo moja, ridhaa.

Na usidhani ni mbali. Annet Negesa wa Uganda, dhahabu ya mita 800 Michezo ya Afrika Maputo 2011. Mwaka 2012 akazuiwa kwenda Olimpiki ya London. Kwa maelezo yake mwenyewe alidhani anaenda kudungwa sindano, akaamka ana makovu tumboni. Shirikisho lilikana kuhusika. Hakurudi tena kwenye kiwango chake. Mwaka 2019 alisimulia hadharani kwenye runinga ya Ujerumani na akapata hifadhi huko huko.

Binti yako ana haki ya mbio safi. Ila kuanzia Septemba 2025 ujue haki hiyo inakuja na pamba ya kusuguliwa shavuni: kila mwanamke anayetaka kushindana mashindano ya dunia ya riadha anapimwa jeni ya SRY, ile inayoanzisha ukuaji wa mwili wa kiume, mara moja maishani. Andrew Sinclair, mmoja wa waliogundua jeni hiyo mwaka 1990, amejitokeza kuandika kwamba haifai kutumika hivyo. Dunia ilishawahi kupita hapa. Atlanta 1996 walipimwa wanawake 3,387, wanane wakaonekana "wana tatizo", wote wanane wakaruhusiwa kukimbia. Mwaka 1999 Olimpiki ikaacha vipimo vya jumla. Tumezunguka uwanja, tumerudi mstari ule ule.

Baba wa Mkimbiaji

Nimesoma mara mbili. Hilo la wanne limenikaa vibaya. Bado sijakubali yote.

Mleta uzi

Usikubali yote kaka. Ukikubali yote nakosa kazi.

Wa Eldoret

Madam, uko sawa, lakini nyinyi wasomi mmekwama kwa homoni. Huku kwetu wasichana wanakufa. Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za wanawake pekee, 30:01, Septemba 2021 kule Ujerumani. Mwezi mmoja baadaye alipatikana ameuawa nyumbani kwake Iten, miaka 25. Rebecca Cheptegei alikimbia marathoni ya Paris 2024, akarudi Trans Nzoia, akamwagiwa petroli. Hiyo si maadili ya michezo? Mbona vyuo haviandiki kuhusu nani anashika kadi ya benki?

Mleta uzi

Umenishika pabaya, na ni kweli. Sababu moja inatia aibu: testosteroni ina kesi, ina hukumu yenye kurasa, ina majarida ya Ulaya yanayosubiri makala. Hati ya shamba iliyoandikwa jina la mume wakati pesa ni ya mkimbiaji haina jarida linaloisubiri. Msomi naye anafuata chakula kilipo.

Ila ngoja nikueleze ugumu wa upande wa pili. Nilifika huko kwenu kwa mahojiano, kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, mfukoni. Kanuni ya kwanza ya fani ni kuficha jina. Nikaandika kwenye rasimu: "mkimbiaji wa mita 1,500, aliyewahi kupata medali ya vijana, ana watoto wawili, kocha wake ndiye mumewe." Nikamsomea mama lishe niliyekuwa nanunua kwake chai na mahamri. Hakufikiri hata sekunde tatu, akaniambia jina la yule dada, la mume, na nyumba iko upande gani wa barabara. Nilifuta ukurasa mzima. Kwenye mji ambao kila mtu anakimbia na kila mtu anajulikana, kuficha jina ni sawa na kujificha nyuma ya mwanzi. Mambo mazito kuliko yote niliyoambiwa hayamo kwenye tasnifu, na hayatakuwamo. Hapa pia sitayaandika.

Wa Eldoret

Hapo nimekuelewa. Asante kwa kuwa mkweli.

Mwanachuo Njaa

Dada samahani nitoke kidogo nje ya mada. Mimi nipo mwaka wa pili, sosholojia. Mtu anaingiaje huko? Na kuna hela?

Mleta uzi

Hela: mshahara ni wa mhadhiri msaidizi kama wengine, na VIKOBA ninacho. Mengine tusiongelee mbele za watu.

Kuingia: huku kwetu usitafute idara yenye jina hilo. Utapitia mlango wa elimu ya viungo, sosholojia, sheria, falsafa au jinsia, halafu unajichongea mwenyewe. Ukitaka shahada ya pili yenye jina kabisa, ipo MAiSI, ya maadili na uadilifu wa michezo, inaratibiwa na KU Leuven ya Ubelgiji na mwanafunzi anahamahama nchi kadhaa. Ufadhili unagombewa na dunia nzima, kwa hiyo andika barua ya maombi kama unaomba mke. Ukirudi kukusanya data nyumbani utahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania. Anza mapema, usije ukalia.

Soma sheria kidogo na takwimu kidogo hata kama unazichukia. Bila takwimu utaamini kila jedwali. Bila sheria utadhani CAS ni mahakama kama ya mwanzo pale kwenu, kumbe mwanariadha analazimika kuikubali ndipo aruhusiwe kushindana.

Ukitaka mfano wa maisha ya kazi hii, mtafute Madeleine Pape. Mwaustralia, alikimbia mita 800 Olimpiki ya Beijing 2008, na Berlin 2009 alikuwa kwenye mbio na Semenya, akashindwa, akanuna kama wengine. Kisha akaenda Marekani kusoma sosholojia. Kwa mujibu wake, ni vitabu na watu aliokutana nao huko vilivyombadilisha. Kesi ya Semenya ilipofika CAS alisimama kama shahidi upande wa Semenya. Mtu aliyeshindwa! Nilipolisoma hilo nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Kiatu Chakavu

Mleta uzi, kule juu nilikuita muongo, nafuta kauli. Sasa tuambie. Yule binti wa kamba ya kiatu yuko wapi? Ulimtafuta?

Mleta uzi

Nilijua mtauliza, nikawa naombea uzi upotee.

Nilimtafuta. Ilinichukua muda, maana sikujua hata jina lake la pili. Mwalimu mmoja mstaafu wa shule yao ndiye aliyenipa namba. Ana watoto, analima mpunga, na ana mashine ya kukoboa anayoisimamia mwenyewe. Nilisikia inanguruma nyuma wakati tunaongea. Baada ya siku ile hakukimbia tena. Hakukatazwa na mtu, alisema, ila kila akivaa kaptula alikuwa anasikia kicheko.

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia kwamba nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Nikamwambia naandika kitabu cha chuo na sitamtaja. Alikaa kimya, mashine inanguruma tu.

Akasema: "Ile ndoo, walikupa na mfuniko?"

Nikasema hapana, haikuwa na mfuniko.

"Basi hawakukupa kitu," akasema, akaniomba nipige baadaye, kuna mteja kaleta gunia. Nimempigia mara mbili tangu hapo. Tunaongea bei ya mpunga.